Sentensi ya Tahiya

Maalim Anuar alipofungua mdomo jukwaani, sentensi iliyotoka ilikuwa ya Tahiya.

"Siku aliyozikwa Mzee Sudi," alisoma kwa ile sauti yake nzito ya darasani, "simu yake iliita."

Ukumbi ukanyamaza. Mzee mmoja aliyekuwa akijipepea kwa karatasi ya ratiba aliuacha mkono hewani. Wasichana wa safu ya nyuma, waliokuwa wakinong'onezana tangu saa nane, wakageuza nyuso mbele. Ndivyo sentensi ile ilivyotakiwa kufanya. Tahiya alijua, kwa sababu aliihangaikia mwenyewe wiki nzima, akitoa neno hili na kutia lile, mpaka ikabaki mifupa mitupu. Yeye aliandika: *Siku aliyozikwa baba, simu yake iliita.* Alichobadilisha Maalim ni baba tu.

Alihisi vidole vya Nassra, mwenzake wa darasani, vikimshika kiwiko. Hakugeuka. Macho yake yalikuwa safu ya pili, upande wa kina mama, alikokaa mama yake, Bi Mwanakheri, mgongo wima na mkoba mapajani. Bi Mwanakheri hakuwa mtu wa kumbi. Tahiya alimbembeleza sana mpaka akakubali kutoka Amani kuja Mji Mkongwe kuwasikiliza watu wanaosoma hadithi. Wala hakumwambia hadithi yake inahusu nini. Alitaka aisikie pale pale, kutoka kinywani mwa mwanawe.

Sasa alikuwa akiisikia kutoka kinywani mwa mtu mwingine.

Tahiya alikuwa mkata tiketi katika ofisi moja ya boti Malindi, na kila Jumamosi alikwenda Mkunazini, kwenye chumba cha Maalim Anuar, kujifunza kuandika. Siku ya kwanza alipeleka hadithi iliyoanza kwa jua kuchomoza nyuma ya minazi. Maalim aliisoma mstari mmoja akaiweka chini.

"Jua huchomoza kila siku, Tahiya," alimwambia. "Nani atasimama kulisikiliza? Sentensi ya kwanza ni hodi. Ukiipiga ovyo, wenye nyumba wanaendelea na mambo yao. Ipige mpaka mtu aache kijiko mezani aseme, kuna nini?"

Kisha akamuuliza swali ambalo Tahiya hakulisahau. Siku gani katika maisha yako ilitokea jambo ambalo mpaka leo hujamsimulia mtu?

Alikuwa na siku moja tu ya namna hiyo. Baba yake, Mzee Mcha, alikuwa fundi wa kanzu huko Ng'ambo, na alfajiri moja alianguka juu ya cherehani yake na asiinuke. Mchana wake, wanaume walipokwisha kulibeba jeneza na wanawake wamebaki ndani wanasoma Yaasin, simu ya marehemu iliita ndani ya mfuko wa koti lililotundikwa msumarini. Tahiya aliiandika sentensi ile, akaisoma darasani, na darasa zima likaganda. Maalim akasema bado haijakaa sawa. Atafute nyingine.

Hakutafuta nyingine. Ndiyo iliyokuwa juu ya karatasi alizozishika sasa, na zamu yake ilikuwa inafuata.

Jukwaani, Maalim aliendelea. Mjane wa Mzee Sudi akaipokea simu, na upande wa pili sauti nyororo ikauliza: "Mume wangu, mbona leo hujaja kula?" Ukumbi ukalipuka kwa kicheko. Mjane akaifunga simu ndani ya kanga, simu ikaendelea kuita, mjane akaikalia. Watu wakacheka mpaka wengine wakafuta machozi. Tahiya hakuona uso wa mama yake. Aliona mkono tu, ukikunja na kukunjua ukanda wa mkoba.

Makofi yalipotulia, Salhiya, binti aliyekuwa akiendesha shindano lile la hadithi, alisimama mbele ya kipaza sauti akasema sasa wataenda kuswali Alasiri, na wakirudi, msomaji wa kwanza atakuwa Tahiya Mcha.

Nassra alimvuta mpaka nyuma ya nguzo.

"Nenda kwa Salhiya sasa hivi," alisema. "Sote tulikusikia darasani. Mimi ntasimama, na Junaid wa darasani kwetu atasimama. Majaji waitwe, aulizwe mbele ya watu."

"Aulizwe nini?"

"Sentensi ya nani. Ukipanda ukasoma kama ilivyo, ukumbi mzima utasema umemwibia mwalimu wako."

Tahiya alilijua hilo. Lakini alifikiri pia watakavyoulizana. Iliita lini? Simu ya nani? Marehemu yupi? Na mama yake amekaa safu ya pili.

Akamwona Maalim Anuar anateremka ngazi, kofia mkononi, watu wakimpongeza. Akamfuata mpaka penye mkunjo wa ngazi.

"Maalim. Sentensi ile ni yangu."

Maalim hakushtuka. Aliwapisha wazee wawili, kisha akasogea ukutani.

"Ulipokuja kwangu ulikuwa na jua na minazi," alisema taratibu. "Nani alikuuliza swali lililoitoa?"

"Wewe."

"Basi. Tuliitafuta pamoja. Na simu za watu huita kila siku, Tahiya, hata za wafu. Hazina hakimiliki."

"Uliniambia haijakaa sawa."

"Nilidhani umeshaiacha." Alivaa kofia yake, akaivua tena. "Badilisha mwanzo wako. Mwandishi hashindwi na sentensi moja."

Akateremka. Nassra, aliyesikia yote kutoka juu, alisema kwa sauti ambayo huenda ilimfika: "Mkunga akishazalisha hupewa ahsante. Hapewi mtoto."

Tahiya alibaki ameshika ukuta. Kilichomuuma zaidi ni kwamba lile la mwisho la Maalim lilikuwa kweli. Alikuwa na muda wa sala moja kuupata mwanzo mwingine, na kichwa chake kilikuwa kitupu kama pakacha.

Mama alikuwa kwenye roshani, ameshavaa viatu.

"Mama."

"Twende zetu."

"Zamu yangu inafuata, mama."

"Yule bwana nani kampa simu ya baba yako?"

Bi Mwanakheri hakuinua sauti. Hakuwa na kawaida hiyo. Alikuwa akitazama chini kichochoroni, ambako muuza kahawa alikuwa akiosha vikombe.

"Mie," Tahiya alijibu. "Nilisoma sentensi moja darasani. Hayo ya mke wa siri kayatunga mwenyewe."

"Watu wamecheka."

"Nimewasikia."

"Kuna bibi nyuma yangu kasema, wanaume ndivyo walivyo, wakifa ndo unawajua. Nikataka kumgeukia nimwambie mume wangu hakuwa hivyo. Nikaona ntamwambiaje, na jina lililotajwa si lake?" Aliushika ukingo wa roshani. "Kwa hiyo nikakaa nikasikiliza wanavyomcheka, na mie siwezi hata kusema ni nani."

Tahiya alitaka kumshika mkono, akaogopa.

"Na wewe?" mama aliuliza. "Wewe umeandika nini?"

"Nimeandika iliita mpaka ikakatika. Watu wote wakalitazama koti na hakuna aliyeipokea."

Sasa Bi Mwanakheri aligeuka. Alimtazama mwanawe kwa namna ambayo Tahiya hakuwa ametazamwa tangu alipokuwa mdogo na kuvunja kitu.

"Haikukatika."

"Najua, mama."

"Ulikuwa umekaa ubavuni mwangu. Niliipokea."

"Najua. Sikutaka kukutia midomoni mwa watu."

"Kwa hiyo ukanitoa kabisa."

Kutoka msikitini walikuwa wakitoa salamu. Muda si mrefu ngazi zingejaa tena. Tahiya alijua kwamba swali lililokuwa ulimini mwake lilimkalia tangu siku ile, na kwamba asipoliuliza pale, hataliuliza tena.

"Kwa nini ulimjibu vile?"

Bi Mwanakheri alivuta ushungi wake mbele, akausawazisha.

"Tangu alfajiri nilikuwa napokea simu," alisema. "Ati ni kweli? Ndiyo, kafa. Saa ngapi? Kafa vipi? Kila anayepiga, mie namuua tena. Alipopiga yule kijana wa kanzu, nilikuwa nshachoka kumuua."

Chini, watu walianza kurudi. Sauti zao zilipanda na harufu ya udi kutoka nyumba ya jirani.

"Nikisema kwamba uliipokea?"

"Sema utakavyosema, ulimi wako." Mama alikwisha kuanza kurudi ndani. "Mie ntakaa pale pale nilipokaa. Ukisema uongo ntainuka niondoke, na utaniona."

Salhiya alilitaja jina lake mara mbili kabla Tahiya hajapanda. Mbele yake palikuwa na nyuso nyingi zilizotulia, zimekunjuka kwa sala na kahawa, bado zina mabaki ya kicheko cha Mzee Sudi. Maalim Anuar alikaa ukingoni, mguu juu ya mguu. Nassra alikuwa ameuma ncha ya ushungi wake.

Aliziangalia karatasi zake. Sentensi ilikuwa pale, kwa herufi kubwa kidogo kuliko nyingine, kama alivyoipenda. Akazikunja, akaziweka chini ya kipaza sauti.

Hakuna aliyemfundisha la kufanya baada ya hapo. Alimtazama mama yake, na akajikuta anasema kile alichokiona siku ile, jinsi alivyokiona, bila kutafuta neno.

"Jeneza la baba lilikuwa bado mabegani mwa watu," alisema, "mama alipopokea simu yake akajibu: Anashona. Njoo Ijumaa."

Hakuna aliyecheka. Hata hivyo, ukimya huu haukuwa kama ule wa Maalim. Ule ulikuwa wa watu wanaosubiri kuchekeshwa. Huu ulikuwa na kitu kingine, na Tahiya hakupata muda wa kukipima, kwa sababu ilimbidi aseme sentensi ya pili, na sentensi ya pili haikuwa imeandikwa popote.

Alisema aliyepiga alikuwa bwana harusi. Alisema kijana huyo aliagiza kanzu ya darizi, na alikuwa akiuliza kama itawahi. Alisema wanawake waliokuwa wakisoma waliacha kusoma, na shangazi mmoja akauliza, Mwanakheri, umesema nini? Hapo alisita. Jina lilimtoka bila kukusudia. Safu ya pili haikutikisika. Akaendelea. Akaeleza koti lilivyokuwa bado lina chaki ya fundi mfukoni, na simu ilivyotoka imepakaa vumbi jeupe la chaki.

Watu walikuwa wamemfuata. Alihisi hivyo kama mtu anavyohisi kamba inavyokaza mkononi. Na kwa kuwa walikuwa wamemfuata, akataka wamfuate zaidi, na ulimi ukamponyoka kwenye njia uliyoizoea.

"Mama akairudisha simu," alisema, "na machozi aliyoyazuia tangu alfajiri yakaanza kumbubujika..."

Bi Mwanakheri akasimama.

Hakufanya kelele. Alishika mkoba wake, akasimama, akabaki wima katikati ya watu waliokaa. Bibi aliye nyuma yake aliinamisha kichwa upande ili aone jukwaa. Salhiya alimtazama, akidhani anatafuta njia ya kutokea.

Sentensi ya Tahiya ilikuwa imening'inia hewani, nusu. Ukumbi ulimngoja. Aliona Maalim Anuar amekunja uso kidogo, kama afanyavyo mwanafunzi wake anapokwama.

"Hapana," Tahiya alisema.

Akamtazama mama yake.

"Hapana. Hakulia. Wala simu hakuirudisha. Aliifuta chaki kwa pembe ya kanga, akaizima, akaiweka chini ya goti lake. Halafu akaniambia: nipe mkasi wa baba yako, na ile kanzu. Imebaki mkono mmoja."

Bi Mwanakheri alisimama kitambo bado. Kisha akakaa, taratibu, akaweka mkoba mapajani.

Ukumbini hawakujua kilichopita baina ya wawili wale. Labda walidhani ni ufundi wa msimuliaji kujikatiza. Tahiya alisimulia yaliyobaki akiwa na mama yake mbele ya macho kama mzani, na kila neno alilitua kwa uangalifu. Mjane aliye edani, cherehani imehamishiwa chumbani, wanawake wanakuja kutoa pole wanamkuta anashona. Wengine walisema amepagawa. Ijumaa kijana akaja, akapewa kanzu yake mlangoni kutoka nyuma ya pazia, imepigwa pasi. Akauliza, yuko wapi mzee nimshukuru? Na ndipo mjane akamwambia.

Alipomaliza, makofi yalichelewa. Yalipokuja hayakuwa makubwa kama ya Maalim, ila yalidumu, na mzee wa karatasi ya ratiba alikuwa amevua miwani.

Majaji walijifungia, wakatoka. Wa kwanza alikuwa bwana mmoja wa Makunduchi aliyesimulia juu ya ng'ombe na hati ya shamba. Wa pili Maalim Anuar. Wa tatu Tahiya. Jaji mmoja, mama wa makamo, alimwambia kwamba mwanzo wake ulikuwa wa nguvu lakini katikati alijikwaa. Tahiya alikubali. Alishukuru, akateremka.

Maalim Anuar aliwangoja mlangoni, kichochoroni, cheti chake kimeviringishwa mkononi. Nassra alipomwona alipunguza mwendo. Tahiya akatamani wapite njia nyingine.

"Shikamoo, Bi Mwanakheri," Maalim alisema, kwa heshima zote.

Bi Mwanakheri hakuitika.

Baiskeli ikapita katikati yao, ikapiga kengele, ikapotea kwenye kona. Shikamoo ya Maalim ilikuwa bado iko pale, haijapokelewa. Tangu azaliwe Tahiya hakuwahi kumwona mama yake akiiacha shikamoo ya mtu, hata ya mlevi, hata ya aliyemkosea. Uso ulimwaka kwa niaba ya mwalimu wake, na papo hapo akajichukia kwa hilo.

"Mimi ndiye mwalimu wa Tahiya," Maalim aliongeza.

"Nakujua. Wewe ndo uliyemwoza mume wangu."

"Ni hadithi tu, mama. Mzee Sudi si mtu."

"Waliocheka walikuwa watu."

Maalim Anuar alikiviringisha cheti upya. Yeye ambaye hakukosa neno hata siku moja alikuwa akilitafuta sasa, na Tahiya aliona anavyolitafuta, macho yakienda kwenye cheti, kwenye ukuta, kwenye viatu vyake.

"Sentensi ilikuwa ya Tahiya," Maalim alisema mwishowe. Sauti ya darasani haikuwepo. "Aliposoma darasani nilitamani ingekuwa yangu. Nikamwambia aiache, nikaichukua."

"Marahaba," alisema Bi Mwanakheri.

Maalim akainua kichwa.

"Lakini usiniambie mie," mama akaendelea. "Waliosikia wako juu bado, wanakunja viti."

Hakungoja aone kama atapanda. Alimshika Tahiya mkono, wakaondoka, mama mbele kidogo, kana kwamba yeye ndiye anayezijua njia za Mji Mkongwe. Nassra alibaki. Baadaye alituma ujumbe kwamba Maalim alipanda kweli, akazungumza na Salhiya na jaji mmoja pembeni, si mbele ya watu. Ukumbi ulikuwa umeshakuwa karibu mtupu. Tahiya alisoma ujumbe ule mara kadhaa asijue kama hayo yanatosha. Kitabu cha hadithi za shindano kilipotoka, ya Maalim haikuwamo, na hakuna aliyemweleza kwa nini. Yeye na Nassra hawakurudi tena Mkunazini siku za Jumamosi. Kuna wakati alihisi pengo la Maalim, hasa alipokwama, maana hakukuwa na mtu mwingine aliyejua kuuliza kama yeye.

Lakini jioni ile hayo yalikuwa bado hayajatokea. Walikuwa wakielekea Darajani, jua limelegea, na mama alitembea bila kugeuka mpaka walipofika penye wauza vitambaa. Hapo akasimama, akashika ncha ya jora la melimeli nyeupe, akaisugua baina ya vidole viwili.

"Baba yako asingeinunua hii," alisema. "Ukiifua mara moja inajikunja. Aliwahi kurudishiwa kanzu kwa ajili ya melimeli kama hii, na mwenye kanzu ni sheha wa mtaa. Nikupe kisa hicho?"

Tahiya alisema ampe. Mkono wake ulikuwa umeshaingia kwenye mkoba kutafuta simu aandike. Akautoa mtupu.

"Basi huyu sheha," mama alisema, akaanza kutembea tena, "alikuwa na shingo hii..."